Hawa Mahal ya Jaipur: ni kweli madirisha 953 yanapoza hewa kama kiyoyozi?

Swali: "Shikamoo mtaalam. Nimetumiwa klipu ya jumba la Hawa Mahal huko Jaipur, India. Jamaa anasema lina madirisha 953, na hewa ikipita kwenye vile vitundu inabanwa, inatokea upande wa pili ikiwa baridi, ndo maana malkia walikaa humo bila feni hata jua liwake vipi. Anasema pia halina ngazi wala msingi. Mimi najenga Dodoma, na fundi wangu tangu aione hiyo klipu anataka ukuta mzima wa sebule tuweke matofali ya matundu. Kuna ukweli hapo au tunadanganyana?"

Marahaba mdogo wangu. Hiyo klipu na mimi imenifikia, tena kwenye grupu la mafundi, kwa hiyo najua huko saiti sasa hivi kila mtu anataka kuwa Maharaja. Nikujibu kwa kifupi halafu tuingie ndani: madirisha ni kweli, ngazi ni karibu na kweli, msingi ni stori za kuwafurahisha watalii, na ile ya hewa kubanwa ikatoka baridi si kweli hata kidogo. Lakini usiwahi kucheka, manake jumba lenyewe kweli lilijengwa pia kwa ajili ya kupata nafuu ya joto na kweli nafuu ipo, ila inatoka sehemu nyingine kabisa na sio pale fundi wako anapoangalia.

Kwanza tuelewane unachokiona kwenye picha ni nini. Ule uso wa pinki uliojaa viroshani, ambao kila mtu anaupiga picha akiwa barabarani, watu wanadhani ndo mbele ya jumba, yaani unaingia hapo chini unakuta kumbi na vyumba vya kulala vya mfalme. Ule ni mgongo bwana. Kasri lenyewe la wafalme wa Jaipur, linaloitwa City Palace, liko nyuma huko, na Hawa Mahal ni ukingo wa mashariki wa upande wa wanawake wa kasri, ukingo uliosogezwa mpaka ukagusa barabara ya sokoni. Kuingia unazunguka, huingilii barabarani. Ukishaingia unajikuta kwenye ua mkubwa, pande tatu zimezungukwa na majengo ya ghorofa mbili, na upande wa nne, ule wa mashariki, ndo imesimama Hawa Mahal, na kwa upande huo wa ndani haina makuu, kuta zake za kawaida na nguzo na vibaraza, mpaka kuna wageni wanasimama katikati ya ua wanauliza sasa Hawa Mahal yenyewe iko wapi.

Hilo la mgongo na mbele si la urembo tu, ndo ufunguo wa swali lako lote, shika hapo.

Historia fupi. Wafalme hawa, ukoo wa Kachwaha, zamani makao yao yalikuwa Amber, mlimani, kilomita kama 11 hivi kutoka Jaipur ya leo. Mwaka 1727 Sawai Jai Singh wa Pili akaamua kushuka bondeni ajenge mji mpya kwa mpango, akamtumia Vidyadhar Bhattacharya kuuchora, na ule mji ukachorwa kwa miraba, barabara pana zilizonyooka zinakatana kwa pembe mraba, maduka ya sare pande zote mbili. Huyo Jai Singh ndo pia aliyejenga Jantar Mantar, kile kiwanja cha vyombo vya kupimia nyota na jua vilivyojengwa kwa mawe na chokaa, kina saa ya jua ya urefu wa mita 27 na kiko hapo hapo jirani na kasri, ukienda Jaipur usiache kupita. Mjukuu wake, Sawai Pratap Singh, aliyetawala 1778 mpaka 1803, ndo akajenga Hawa Mahal mwaka 1799, na msanifu wake aliitwa Lal Chand Ustad. Pratap Singh alikuwa mtunga mashairi, akimwimbia Krishna, mmoja wa miungu ya Wahindu, kwa jina la kalamu Brajnidhi, na ndo maana watu wa pale wanakwambia lile umbo linalopungua kwenda juu ni taji la Krishna. Inawezekana. Mimi kama msanifu naona pia kwamba ni umbo la jengo lisilotaka kuanguka, nitakuja hapo.

Sasa kwa nini ukuta wa viroshani? Wanawake wa kasri waliishi kwa parda, hawaonekani na watu wa nje. Na barabara hii ya chini ndo ilikuwa inapita misafara ya sikukuu, Gangaur mwezi wa tatu au wa nne hivi, na Teej wakati wa mvua, ndovu na farasi na ngoma, mji mzima uko nje. Basi wakajengewa mahali pa kutazama bila kutazamwa. Hiyo ndo kazi namba moja ya jengo, kabla hata ya upepo.

Ukisogelea kiroshani kimoja ukiwa ndani utaelewa haraka. Kimetokeza nje ya ukuta kwa umbo la nusu pembe nane, kwa hiyo aliyekaa humo anaona moja kwa moja mbele na pia anaona barabara kushoto na kulia bila kutoa kichwa. Uso wake umezibwa na jaali, yaani wavu wa mawe uliotobolewa vitundu vidogo vidogo, na katikati ya wavu kuna vidirisha vya kufungua, vingine vidogo kiasi cha uso wa mtu tu. Na viko chini, manake watu walikuwa wanakaa chini kwenye mazulia na mito, sio kwenye makochi. Nje kuna jua kali, ndani kuna giza giza, basi wa nje akiangalia juu anaona weusi tu wa vitundu, wa ndani anaona mpaka bei ya nyanya. Na mwanga ukishapita kwenye jaali unafika ndani umekatwakatwa, umepoa machoni, haukuchomi. Kumbuka hilo la mwanga, lina uzito kwenye suala la joto kuliko watu wanavyofikiri.

Haya sasa ghorofa. Ziko tano na kila moja ina jina lake, Sharad Mandir, Ratan Mandir, Vichitra Mandir, Prakash Mandir na ya juu kabisa Hawa Mandir. Mbili za chini zina vibaraza na nafasi kwa upande wa ua. Tatu za juu zina upana wa chumba kimoja tu. Chumba kimoja! Unasimama kwenye kiroshani unaona barabara, unageuka hatua chache uko kwenye ukingo wa upande wa pili unaona ua na kasri na Jantar Mantar kwa mbali. Ukiwa kule juu unapata hisia kwamba umesimama juu ya ukuta, na kwa kweli ndivyo ilivyo.

Ngazi: kupanda ghorofa za juu ni kwa njia za mteremko, sio ngazi, wanasema ni kwa sababu ya machela walizobebewa wanawake, na hata bila machela, jaribu kupanda ngazi nyembamba umevaa sketi ya mita kadhaa za kitambaa na vito vizito miguuni, utashukuru mteremko.

Msingi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, manake hili la "jengo lisilo na msingi" linarudiwa kila siku kama muujiza. Hakuna ukuta wa ghorofa tano unaokaa hewani, kila ukuta una ardhi unayoibebesha mzigo wake na mafundi wa Rajasthan, jimbo ilipo Jaipur, mwaka 1799 hawakuwa wajinga wa hilo, walikuwa wameshajenga ngome milimani kwa mamia ya miaka. Cha kujiuliza ni kwa nini ukuta mrefu na mwembamba namna ile haujaegemea barabarani mpaka leo. Jibu moja ni umbo, unapungua kwenda juu, uzito mwingi uko chini. La pili ni wale viroshani wenyewe. Chukua bati la migongo na bati la flati la unene ule ule, jaribu kuyasimamisha, la migongo linasimama la flati linajikunja. Ule uso wa Hawa Mahal wote umekunjwa kwa viroshani, kila kimoja ni mgongo, kwa hiyo kile unachokiita urembo ndicho kinachoupa ukuta ugumu. Na nyuma yake kuta fupi za kukatiza zinaushika, na majengo ya ua yanaukumbatia kwa chini. Hiyo ndo akili ya Lal Chand Ustad, nayo mi naiona kubwa kuliko muujiza wa kutokuwa na msingi.

Tuje kwenye hewa sasa, na hapa nitakaa.

Klipu inasema hewa ikibanwa kwenye kitundu inatoka baridi. Wengine wanaweka na jina la mwanasayansi ili uogope kubisha. Ni kweli kwamba hewa ikipita mahali pembamba inaongeza mwendo, na ikiongeza mwendo presha inashuka, na joto nalo linashuka kidogo. Lakini kidogo kiasi gani? Kwa upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao ndani ya chumba ni upepo mkali unaorusha karatasi, joto linashuka kama sehemu moja ya mia ya digrii. Sio digrii moja, sehemu moja ya mia ya digrii. Ukiuzidisha mwendo mara mbili unapata sehemu tano za mia. Na ikifika ndani ikatulia inarudi ilipokuwa. Kwa hiyo hewa ya Jaipur ya mwezi wa tano yenye digrii 41 ikiingia kwenye kitundu inatoka na digrii 41 ile ile, uweke vitundu 953 au elfu tisa.

Wanaotetea watakwambia puliza mkono wako, ukiwa umeachama mdomo pumzi ni ya moto, ukibana midomo ni ya baridi. Fanya sasa hivi uone. Ni kweli inahisi baridi, lakini sababu sio kubanwa. Pumzi inayotoka kwa kasi kwenye tundu dogo inakokota hewa ya chumba njiani, kwa hiyo inayofika mkononi nyingi ni hewa ya chumba, sio ya mapafu, na pia ule mwendo unakausha jasho la ngozi haraka. Sasa fanya jaribio hilo hilo mahali penye digrii 42, utashangaa, pumzi ya kubana midomo haitakuwa baridi tena, manake hewa ya chumba yenyewe ni ya moto kuliko mwili wako.

Kwa hiyo jaali inafanya nini? Inafanya mambo matatu ya kweli. La kwanza ni kivuli, jua haliingii likagonga sakafu na kuta za ndani zikahifadhi moto. Uso wa Hawa Mahal unatazama mashariki, unapigwa na jua la asubuhi (kama unataka picha nzuri nenda asubuhi), basi bila jaali chumba chembamba vile kingekuwa oveni kufikia saa tatu. La pili ni kwamba inaruhusu upepo kupita bila kufungua dirisha zima. Na hapa ule upana wa chumba kimoja ndo unafanya maajabu kuliko idadi ya madirisha. Sisi wasanifu tuna kanuni ya kidole gumba, chumba chenye matundu pande mbili zinazotazamana hewa inapita vizuri mpaka kina cha kama mara tano ya urefu wa kwenda darini, chenye tundu upande mmoja tu ni mara mbili hivi basi, zaidi ya hapo hewa inalala. Ghorofa za juu za Hawa Mahal zimezama ndani ya kanuni hiyo mpaka inachekesha, ni nyembamba kabisa, ziko juu ya mapaa ya jirani ambako upepo hauna kizuizi, na pande zote mbili zimefunguka, barabara huku, ua kule. Ua ukipata kivuli na barabara ikapata jua, au kinyume chake, upande mmoja hewa inakuwa nzito na mwingine nyepesi, na hewa inavuka hata siku isiyo na upepo wa maana. La tatu ni mwendo wa hewa juu ya ngozi, jasho likauke.

Lakini yote matatu hayaifanyi hewa iwe baridi. Kuifanya hewa ya moto iwe baridi bila umeme, India ya kaskazini walikuwa na dawa moja kubwa, nayo ni maji.

Lita moja ya maji ikikauka hewani inanyonya joto sawa na karibu theluthi mbili za uniti moja ya umeme, na hilo joto linatoka kwenye hewa yenyewe. Hewa kavu inakubali maji mengi, kwa hiyo inapoa sana. Chukua alasiri ya digrii 40 yenye unyevu wa asilimia 20, kitu cha kawaida Rajasthan kabla ya mvua. Kinadharia maji yanaweza kuishusha hewa hiyo mpaka digrii 22 hivi. Huwezi kufika huko kwa chemchemi ya uani, lakini hata ukishuka digrii tano sita umeokoka. Ndo maana kwenye ua wa Hawa Mahal kuna chemchemi ya kurusha maji, na ndo maana majumbani kote huko walikuwa wanatundika milangoni mapazia mazito yaliyosukwa kwa mizizi ya khus, aina ya nyasi inayonukia, wanayamwagia maji mchana kutwa, upepo ukipita unaingia umepoa na unanukia. Hicho ndo kiyoyozi chao. Ukiona jaali bila maji umeona feni bila injini ya friji.

Ukitaka kuona wazo hili limefanywa kwa ufundi wa juu zaidi usiishie Hawa Mahal, panda Amber. Ile ngome-kasri ilianzwa na Man Singh mwaka 1592 na wafalme waliofuata wakaendelea kuongeza, na ndani kuna bustani ya miraba, upande mmoja Jai Mandir yenye Sheesh Mahal, chumba cha vioo alichojenga Jai Singh wa Kwanza karne ya 17, upande unaotazamana nayo Sukh Niwas, ukumbi wa starehe. Watu wanajazana kwenye vioo wanajipiga picha, halafu Sukh Niwas wanaipita hivi hivi. Mimi nilifanya kinyume, vioo niliviangalia dakika kidogo tu nikaenda kupiga magoti Sukh Niwas kama mtu aliyedondosha pete. Kwenye sakafu pale kuna mfereji wa mawe, maji yalikuwa yanateremka kutoka ukutani, yanapita katikati ya ukumbi wenye milango ya msandali iliyonakshiwa kwa pembe za ndovu, yanatoka nje kwenda kunywesha bustani. Hewa inapita juu ya maji, inapoa, inawafikia waliokaa, na maji yale yale hayajapotea, yanaenda kwenye maua. Na maji yenyewe yalipandishwa kutoka ziwa la Maota chini ya mlima kwa magurudumu ya ndoo yanayozungushwa na ng'ombe, hatua kwa hatua mpaka juu, yaani ubaridi wa mfalme ulikuwa na gharama, kuna mtu na ng'ombe wake walikuwa wanatoka jasho juani. Klipu hazionyeshi hilo.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye picha ni plasta. Kuta za ndani za majumba ya Jaipur na Amber zimepakwa chokaa ya tabaka tabaka, wao wanaiita araish, chokaa iliyolowekwa muda mrefu, inachanganywa na unga wa marumaru na hata maziwa ya mtindi, halafu la mwisho linasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka linang'aa kama kioo. Aliyewahi kupitisha mkono kwenye niru ya nyumba za zamani za Lamu anajua ninachosema, ule ubaridi na ulaini. Chokaa inapumua, inanyonya unyevu na kuutoa, na rangi yake inarudisha mwanga. Ukienda kukarabati jengo kama hilo kwa simenti umeliziba pua.

Ile pinki nayo isikuchanganye. Hawa Mahal ina mawe ya mchanga mekundu na ya pinki, lakini mji mzima kuwa wa rangi moja ni mambo ya 1876, Maharaja Ram Singh wa Pili alipoupaka rangi kumpokea mwana wa mfalme wa Uingereza. Michirizi myeupe kwenye viroshani ni chokaa. UNESCO waliuingiza mji wa ndani kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2019, ngome ya Amber ilitangulia 2013 pamoja na ngome nyingine za milimani za Rajasthan.

Sasa kuna swali ambalo hukuuliza ila ndo linaloniwasha: mvua zikija inakuwaje? Jaipur mwezi wa saba na wa nane hewa inalowa, na hewa iliyolowa haikubali maji tena, chemchemi inabaki ya kutazama tu. Hapo ndo zile ghorofa za juu za Hawa Mahal zinapata msimu wao, joto limeshuka chini ya lile la mwili, unachotaka ni upepo juu ya ngozi, na Teej ndo inaangukia humo humo. Yaani lile jengo halikuwa la kukaa mwaka mzima kama klipu inavyodai. Watu wa kasri walikuwa wanahama ndani ya nyumba yao wenyewe, asubuhi upande huu, mchana wa kiangazi chini kwenye kuta nene na maji, jioni juu, usiku paani chini ya nyota manake mbingu kavu inanyonya joto la paa haraka, na baridi ikija wanarudi kwenye vyumba vya kufunga. Pale Amber wana kabisa upande wa kiangazi na upande wa baridi wanatazamana bustanini. Nyumba yetu ya vyumba vitatu na sebule haina nafasi ya kuhama hivyo, na ndo maana kuiga kipande kimoja cha kasri ni hatari.

Na hili ndo linaeleza kwa nini wa pwani yetu hawakujenga Jaipur ingawa wameijua India kwa karne nyingi. Sultani Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay baada ya jaribio lake la kutwaa kiti mwaka 1859, akarudi ameona majumba ya huko, na baadaye mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, veranda pana zimelizunguka kila ghorofa, nguzo za chuma, milango mirefu. Hakuna aliyehangaika na mifereji ya kupoza hewa. Zanzibar siku ya digrii 32 na unyevu asilimia 75, maji hata yafanye kazi kwa ukamilifu yanaishusha hewa mpaka 28 na yanakuachia chumba chenye jasho la ukungu. Pwani ni kivuli na mwendo wa hewa, basi.

Dodoma sasa. Habari njema ni kwamba kwa hali ya hewa wewe uko karibu na Jaipur kuliko aliyeko Dar. Kavu sehemu kubwa ya mwaka, alasiri ya digrii 30 na unyevu asilimia 35 maji kinadharia yanaweza kuishusha mpaka karibu 20, kwa hiyo mtungi, kidimbwi kidogo kwenye veranda yenye kivuli upande upepo unaotokea, miti ya kumwagilia, vyote vinalipa. Lakini usiku kunapoa, na kuanzia mwezi wa sita kuna baridi ya kuvaa sweta, na upepo wa Dodoma unaujua, unakuja na vumbi lake. Ukuta mzima wa sebule ukiwa matundu, mwezi wa saba mtakaa na mablanketi mkitazama TV, na mwezi wa tisa utafagia sofa kwa koleo. Mbu sijawataja. Na ukiamua kuweka wavu wa mbu juu ya matundu, upepo unaobaki ni mdogo sana.

Kwa hiyo mwambie fundi hivi. Ukuta wa sebule ubaki tofali zito, unene wake ndo utashika ubaridi wa usiku, madirisha ya kufunga mchana na kufungua jioni, yatazamane upande na upande, na sebule isiwe na kina kirefu. Matofali ya matundu ayatumie nje, ajenge nayo ukuta wa pili mbele ya upande wa magharibi, auache na nafasi ya mita moja hivi na ukuta wa ndani, hapo utapata kivuli cha Hawa Mahal na mwanga wake wa kukatwakatwa bila vumbi kulala kwenye kochi. Pia kwenye ngazi, kwenye kibaraza cha kupikia, kwenye uzio. Sisi hapa jua liko utosini karibu mwaka mzima kwa hiyo kuta za mashariki na magharibi ndo zinaumia, na zaidi ya kuta zote ni paa. Kama umeezeka bati bila dari nzuri na bila matundu ya kutolea hewa ya moto kule juu kwenye kenchi, hata ukimfufua Lal Chand Ustad hakusaidii, anza hapo kabla ya kununua tofali hata moja la urembo.

Na hayo ya matundu, akiyapanga ahakikishe kila tundu lina mteremko kidogo kwenda nje, manake mvua za Dodoma zikija zinakuja zimelala na upepo, tundu lililo flati linaleta maji ndani.